Wanaohesabu siku kwa joto

Maneno haya, juu ya wanyama wadogo wa majini na jinsi joto linavyowakuza, niliyasema Jumamosi jioni katika ukumbi wa parokia hapa Bukavu, mbele ya wanafunzi, wavuvi, wamama wauzaji wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na vijana wanaofuga kambale. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, wamama na wababa, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa hata kwenye madirisha, jioni njema. Aksanti kwa kuja.

Hapa mezani kuna glasi. Jana saa kumi na mbili jioni niliitia maji niliyokuwa nimeyaacha yatulie kwenye bidoni kwa siku mbili, nikaongeza chumvi ya jikoni kwa kipimo cha gramu 35 kwa lita, kwa sababu huo ndio ukali wa bahari. Kisha nikanyunyiza kitu kama unga wa kahawia, kiasi kinachoshikwa na vidole viwili. Ampule, yaani balbu ya umeme, imekaa kando yake usiku kucha ili maji yasipoe. Ule si unga. Ni mayai, na kila punje moja ni mnyama mzima anayengoja. Nawaomba msiisogelee kwa sasa. Tuzungumze, nayo iendelee na kazi yake, tutairudia.

Kuna mzee aliyeniuliza pale mlangoni: mwalimu, utatuambia habari za wanyama wa bahari, bahari iko wapi hapa? Ni swali la haki. Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1000, hata kama ungekuwa ndege anayekata moja kwa moja juu ya milima. Lakini bahari inaingia jikoni mwetu kila wiki. Mama ananunua makayabo, samaki wa chumvi, sokoni Kadutu, anailoweka usiku, anabadilisha maji mara mbili tatu ili chumvi itoke, kesho yake inakwenda kwenye sombe, yaani kisamvu. Makayabo ya asili hutokana na samaki ambaye Wafaransa humwita moru, wa maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Moru akiwa mkubwa anakula samaki wenzake. Lakini akiwa amezaliwa juzi, ana urefu wa milimita chache tu na kinywa chake ni kidogo mno. Wakati huo uhai wake unategemea karibu chakula kimoja: watoto wa kopepodi.

Kopepodi ni nani? Watu wa pwani wanajua kamba, kaa na uduvi. Wote hao ni ukoo mmoja ambao vitabu vinauita gegereka: wanyama wenye miguu ya vifundo na ganda gumu nje ya mwili badala ya mifupa ndani. Kaa wa vijito vyetu ni wa ukoo huo. Kopepodi naye ni wa ukoo huo, ila ni mdogo kama punje ya mchanga. Wengi hawafiki milimita 3. Spishi zinazojulikana ni zaidi ya 10000, na ukichota maji ya bahari popote duniani kwa wavu laini, mara nyingi hao ndio watakaokuwa wengi kuliko wanyama wengine wote wa ukubwa wao. Wanakula mimea midogo inayoelea, na samaki wanawala wao. Ukiwatoa, katikati ya jani na samaki panabaki shimo.

Nataka niwaeleze jinsi wanavyokua, kwa maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mtoto wa binadamu anakua polepole kila siku, ngozi inakwenda pamoja naye. Mnyama mwenye ganda hawezi. Mfikirie mtoto aliyeshonewa uniforme ya bati: mwili ukitaka kuongezeka, lazima ile uniforme ipasuke na aivue, kisha kwa muda mfupi abaki laini, ajinyooshe, avimbe kwa maji, hadi ganda jipya ligande. Ndivyo gegereka wote wanavyokua, kwa kujivua ganda. Saa ya kujivua ni saa ya hatari. Hana silaha, hawezi kukimbia vizuri, na wengine hukwama katika ganda la zamani wakafa humo.

Kopepodi akitoka kwenye yai hafanani na mzazi wake. Ni kidudu cha mviringo chenye jozi tatu za miguu na jicho moja. Wataalamu wanakiita naupli. Naupli anapitia hatua 6. Akivua ganda la mwisho la unaupli, anaonekana ghafla kama kopepodi mdogo, na hapo anaanza hatua nyingine 6, ya mwisho ikiwa ndiyo utu uzima. Baada ya hiyo, havui tena. Yaani ukubwa atakaoufikia siku hiyo ndio atakaokufa nao. Hata ale vizuri namna gani baadaye, chakula kitakwenda kwenye mayai, hakitakwenda kwenye mwili.

Sasa, hatua hizo 12 huchukua siku ngapi? Mwanafunzi atataka nimpe namba aandike kwenye daftari. Siwezi kumpa namba moja, kwa sababu mnyama huyu hahesabu siku kwa jua kuchomoza na kutua. Anahesabu kwa joto. Damu yetu sisi ina joto lilelile, iwe Bukavu asubuhi ya Julai au Uvira saa sita mchana. Yeye mwili wake ni joto la maji aliyomo. Maji yakiwa ya vuguvugu, kila kazi ndani yake inakwenda mbio, na yakipoa, kila kazi inajikokota. Kwa kawaida, ndani ya mipaka anayoiweza, ukiongeza digrii 10 muda wa kukua unapungua nusu au zaidi. Kuna kopepodi wa pwani zenye joto wanaotoka yai hadi kuwa wazazi kwa wiki mbili hivi, na kuna ndugu zao wa bahari za Aktiki ambao maisha yao yanapimwa kwa miaka.

Jambo hili nililijifunza kwa uchungu kabla ya kulisoma. Mara ya kwanza nilipopata kopo la mayai kama haya, ilikuwa kiangazi, ninyi mnajua baridi ya usiku wa kiangazi hapa kwetu. Niliyatia kwenye maji ya chumvi, nikayaweka dirishani, nikalala. Maelekezo yalisema saa 24. Baada ya saa 24, hakuna kitu. Nikangoja hadi jioni, hakuna kitu. Nikaamini kwamba kopo limeharibika, nikamwaga yote uani. Maji yakimwagika hayazoleki. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba zile saa 24 ni saa za maji ya digrii 28, na maji yangu hayakufika hata 18. Mayai yale hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yanahesabu, ila polepole, nami nikawamwaga watoto waliokuwa njiani. Mpaka leo nikiwasikia vijana wa vituo vya kambale, wanaoyaangua mayai haya ili kulisha kambale wachanga, wakisema "mayai mabovu", swali langu la kwanza ni: maji yako yana digrii ngapi?

Na joto haligusi mwendo peke yake. Linagusa ukubwa. Kopepodi aliyekulia kwenye maji ya moto zaidi anafika utu uzima haraka, lakini anafika akiwa mdogo kuliko ndugu yake aliyekulia kwenye maji ya baridi. Hata akiwa na chakula cha kutosha. Jambo hili limeonekana kwa gegereka wengi wa bahari na wa maji yasiyo na chumvi pia. Anapita madarasa mbio, anavua ganda kabla mwili haujajaza. Mama anayeuza sambaza ataelewa hapa kuliko profesa: samaki ambaye anakula punje moja moja, punje zikipungua ukubwa, atalazimika kukimbiza punje nyingi zaidi ili ashibe sawa na jana. Kukimbiza nako kunakula nguvu.

Sasa turudi kwa moru na makayabo yake, maana kuna kisa ambacho kila mvuvi hapa anapaswa kukijua.

Katika Atlantiki ya Kaskazini kuna kopepodi anayeitwa Calanus finmarchicus. Ana urefu wa milimita 3 hivi, ambao kwa kopepodi ni ujitu. Majira ya kuchipua anakula kwa pupa, anajaza mwilini mfuko wa mafuta unaoonekana kama utepe unaong'aa katikati yake. Kiangazi cha kule kikielekea kwisha, akiwa katika hatua moja tu kabla ya utu uzima, anashuka chini, mita mamia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 1000, kwenye giza na baridi. Huko anakaa karibu bila kula, moyo na misuli yote imepunguza mwendo, akiishi kwa yale mafuta. Miezi inapita. Mwisho wa majira ya baridi anavua ganda lake la mwisho, anapanda juu, anapandana, na jike anaanza kutaga makumi ya mayai kwa siku. Watoto wanaotoka humo wanakuwa tele majini wakati uleule watoto wa moru wanapofungua vinywa. Hakuna aliyewapangia. Ni saa mbili zilizozoeana kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1931 Mwingereza mmoja, Alister Hardy, alianza kufungisha nyuma ya meli za kawaida za biashara chombo cha chuma chenye utepe wa hariri ndani. Meli inakwenda safari yake ya mizigo, maji yanapita kwenye chombo, hariri inanasa viumbe vidogo na kujikunja yenyewe. Bandarini utepe unatolewa, unahesabiwa kwa hadubini. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Naipenda sana kazi hii, nawaambia wazi, kuliko uvumbuzi mwingi uliopigiwa kelele. Watu wamekaa miaka zaidi ya 90 wakihesabu punje.

Na kwa sababu walihesabu, waliona. Katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norway, Calanus finmarchicus alianza kupungua tangu miaka ya 1960. Mahali pake akaja ndugu yake, Calanus helgolandicus, mpenda joto. Kwa macho hutawatofautisha. Mtu asiyehesabu kwa makini angesema kopepodi wapo, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba huyu wa pili anakuwa mwingi mwishoni mwa kiangazi, si majira ya kuchipua. Mtoto wa moru anafungua kinywa, meza haijaandaliwa. Meza inakuja kuandaliwa miezi baadaye, naye hayupo tena. Uvuvi wa kupita kiasi ulikuwa umeshampiga moru sana, hilo lisifichwe, lakini watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba mabadiliko haya ya chakula yalichangia kupungua kwa watoto wanaofika ukubwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameonyesha kwamba kopepodi wapenda joto wamesogea kaskazini zaidi ya digrii 10 za latitudo ndani ya miaka 40 hivi. Hizo ni kilomita zaidi ya 1000. Sawa na sisi tuamke tuone viumbe vya Mombasa viko Bukavu.

Mzazi mmoja ananinyoshea mkono. Ndiyo, mama? Anauliza wanazaaje.

Wanazaa kwa namna nyingi kuliko tunavyoweza kumaliza leo, lakini nitataja zile zinazonishangaza. Calanus anaachilia mayai yaelee ovyo. Wengine jike anayabeba kwenye kifuko nyuma, kama mama aliyefunga mtoto mgongoni, mpaka yaanguliwe. Amfipodi, hao ni gegereka waliobanwa ubavuni, wanaorukaruka chini ya mwani ufukweni, wana kifuko chini ya kifua, watoto wanalelewa humo na kutoka wakiwa tayari na sura ya wazazi, bila unaupli wa kuelea. Na kwa amfipodi wengi jike hupokea dume muda mfupi tu baada ya kuvua ganda. Basi dume anamkamata mapema, anambeba chini yake siku kadhaa, akimlinda asichukuliwe, mpaka saa hiyo ifike. Kuna amfipodi mmoja wa maji ya chumvichumvi ya Ulaya, Gammarus duebeni, ambaye urefu wa mchana unachangia kuamua kama mtoto atakuwa dume au jike: wanaokulia kwenye michana mirefu wengi huwa madume, kwenye michana mifupi wengi majike. Madume wanaozaliwa mapema wanapata muda mrefu wa kukua, na dume mkubwa ndiye anayeweza kumbeba jike.

Lakini ufundi ulionishika moyo ni yai linalolala. Kopepodi wengi wa pwani, mambo yakiwa mabaya, hutaga mayai ya aina nyingine: ganda nene, yanazama kwenye tope na kulala. Kwenye tope la bwawa moja la maji yasiyo na chumvi huko Marekani, watafiti waliangua mayai ya kopepodi yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Mayai yaliyotagwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa yaliamka, yakaogelea.

Na ndiyo maana nimewaletea haya ya kwenye glasi. Huyu anaitwa artemia, gegereka mwingine, si kopepodi. Ili niwe mkweli, yeye si wa bahari wazi. Hana mbio wala silaha, samaki angemmaliza siku moja. Amekimbilia mahali samaki hawawezi kumfuata: maziwa ya chumvi na mabwawa ya kuvunia chumvi, maji yenye chumvi mara sita, mara saba ya bahari. Pwani ya Kenya, mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, alipandikizwa katika miaka ya 1980. Katika hali nzuri jike anazaa watoto hai, hadi 300 kila siku 4 hivi. Chumvi ikizidi au oksijeni ikipungua, jike yuleyule anabadilisha kazi: anatoa mayai yaliyolala. Ndani ya kila yai mtoto ameshaanza kujengwa, amefika seli kama 4000, kisha amesimama. Akikauka, anajihifadhi kwa sukari maalumu inayoshika nafasi ya maji, isiache vitu vya ndani vivunjike.

Hapa vijana wa kambale nisikilizeni, kwa sababu pesa yenu iko hapa. Yai hili likiwa kavu linavumilia digrii 60 bila shida. Likishakunywa maji, digrii zinazopita 40 zinaliua. Ni yai lilelile! Uvumilivu hauko kwenye jina la mnyama, uko kwenye hali aliyomo saa hiyo. Na likishalowa likaanza safari, halafu likakauka tena vibaya, nguvu yake inapungua. Kwa hiyo kopo likifunguliwa, lifungwe barabara, likae pakavu. Msiliache wazi kwenye chumba chenye mvuke wa mabeseni halafu mlaumu aliyewauzia.

Na mtoto akianguliwa, kwa saa za kwanza, nane hivi katika maji ya joto, hali kitu. Anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho. Huo ndio wakati amenona kuliko wote. Mkichelewa kumlisha kambale mdogo, artemia anavua ganda, anatumia akiba yake, na ninyi mnalisha maganda matupu. Saa ya artemia na saa ya kambale lazima zikutane, na zote mbili zinakwenda kwa joto la maji. Thamometa ya dola chache ina faida kuliko kopo la pili.

Nimesema uvumilivu. Nataka nikae hapo kidogo, maana ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapojidanganya.

Kuna kopepodi mwingine, Tigriopus, mwekundu wa machungwa, anaishi kwenye vidimbwi vya miamba juu ya usawa wa mawimbi. Spishi moja inapatikana mwambao wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini, kutoka Alaska hadi Meksiko. Kidimbwi hicho hujazwa na rasharasha za mawimbi. Mvua ikinyesha, maji yanakaribia kuwa matamu. Jua likiwaka siku kadhaa, yanakauka mpaka chumvi inaganda ukingoni. Mchana yanapata moto, usiku yanapoa, na oksijeni nayo inapanda na kushuka. Yeye yumo humo anaishi. Dume amemshika jike mchanga kwa pembe zake, anamngoja afike utu uzima, anampanda mara moja, na jike kwa mara hiyo moja anatoa mafungu mengi ya mayai. Chumvi ikizidi sana analala kama mfu. Maji yakirudi, anaamka.

Mtu akisikia hivyo anasema: huyu hatishwi na kitu, dunia ipate joto inavyotaka. Sivyo. Kwanza, uvumilivu unalipiwa. Chumvi ikipanda, lazima atengeneze ndani ya chembe zake vitu vya kushindana nayo, aina za asidi amino, na kuvitengeneza kunakula nguvu ambayo ingekuwa ya mayai. Anaishi, lakini anazaa kidogo. Pili, hawalingani: wa kusini wanastahimili joto kuliko wa kaskazini, na majike kuliko madume. Tatu, na hili ndilo zito, watafiti wa California walichukua koo mbalimbali za Tigriopus, wakawachagua wale wanaostahimili joto zaidi, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi, vizazi 10. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Uwezo uliongezeka kwa wastani wa chini ya digrii moja. Wale wa kaskazini hawakuwafikia wa kusini. Akiba haikuwa ndefu kama tulivyofikiri. Mnyama aliyezoea kuishi ukingoni mwa joto ameshatumia karibu yote aliyo nayo, na digrii moja kwake ni nyingi kuliko kwa yule wa maji ya katikati.

Mvuvi wa Nguba ameuliza, na nashukuru ameuliza, kwa sababu ndiko nilikokuwa naelekea: na ziwa letu?

Kivu si bahari. Lakini sambaza ni wa ukoo wa dagaa na sardini, ukoo ambao wengi wao ni wa baharini, na chakula chake kikuu ni kopepodi. Wazee mnakumbuka kwamba hakuwa wa hapa. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake, kulikuwa na dafnia mkubwa katika maji haya, kiroboto wa maji, gegereka wa kunona na wa polepole. Baada ya sambaza kuja, dafnia yule alitoweka. Walioweza kubaki ni kopepodi, wadogo na wepesi wa kuruka. Kwa hiyo kila kikombe cha sambaza kinachopimwa sokoni kimejengwa juu ya hao waliobaki.

Na hawa wa kwetu wana shida ambayo wa bahari wengi hawana. Kopepodi hupanda juu usiku kula, mchana anashuka gizani asionekane na samaki. Ninyi mnaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kuwasha taa mnajua: mwezi ukiwa mkubwa, mnapumzika. Ni mchezo huohuo wa mwanga. Lakini Kivu, ziwa lenye kina cha mita 485, halina oksijeni chini ya mita 60 au 70. Calanus ana mita 1000 za kujificha. Kopepodi wetu ana chumba chenye sakafu ya karibu. Na chakula cha chumba hicho kinategemea upepo wa kiangazi, Juni hadi Septemba, unaochanganya maji na kupandisha mbolea kutoka chini. Kwa jirani yetu Tanganyika, tafiti zilizotoka mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yalipopata joto, yalikuwa mepesi zaidi, yakachanganyika kidogo na ya chini, na chakula cha ziwa kikapungua.

Ndugu mvuvi, wewe unaona sambaza. Mimi nataka tuone anachokula. Wavu wa kitambaa laini, kamba ya mita 60, chupa, tone la formoli la kuwahifadhi, hadubini moja ambayo shule nyingi hapa zinayo kabatini imefungiwa. Mara moja kila wiki mbili, mahali palepale, saa ileile, na thamometa pamoja. Wahesabiwe wangapi ni naupli, wangapi wakubwa, majike wangapi wamebeba vifuko. Wanafunzi wa darasa moja wanaweza, na darasa linalofuata likapokea daftari. Wenzetu wa Bukavu waliosomea mambo ya maji wameshafanya kazi kubwa ya namna hiyo kwenye ziwa hili, tunaweza kuwaomba watufundishe kutambua majina. Nimeshazungumza na walimu wawili waliopo hapa. Wanaotaka kujiunga waandike majina kwenye karatasi ile pale kwa sista, na mvuvi atakayekubali kutubeba kwenye mtumbwi aandike pia.

Sasa saa imefika kumi na moja. Ni saa 23 tangu jana. Kijana, zima taa za ukumbi. Zima na ampule hii. Nipatie tochi ya simu, nami naishika upande huu wa glasi, chini kidogo. Msiseme kitu kwa dakika moja.

Watoto mliokaa mbele, njooni mwanzo, wawili wawili. Mnaona ule wekundu wa machungwa unaokusanyika upande wa mwanga, unaotetemeka? Yale yaliyoelea juu ni maganda, yaacheni. Tazameni hapa penye mwanga. Kila nukta inayokwenda kwa kurukaruka ni mmoja. Jana jioni alikuwa unga. Msisukumane, wote mtaona, hawaondoki.